Fahamu: Nani husimamia hospitali dawa zinapoadimika?

Dawa zinapoadimika katika hospitali za umma nchini Tanzania, usimamizi wa serikali huanzia stoo. Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ndiyo msambazaji mkuu. Ikikosa dawa iliyoagizwa, kituo huruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, utaratibu ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014.

Hapo ndipo uangalizi unapohitajika zaidi. Mkaguzi hulinganisha leja ya stoo na vyeti vya dawa: makopo kumi yaliyoandikwa kuwa yamepokelewa lazima yaonekane rafuni, au yajulikane yaliwafikia wagonjwa gani. Kamati ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, hushuhudia mapokezi ya mzigo. Mgonjwa anayeambiwa dawa hakuna aiulize kamati hiyo.