Je, galaksi zimetapakaa sawasawa? Duara moja la mbali lazua ubishi

LUBUMBASHI – Anayetoka hapa kwenda Likasi na Kolwezi hupita miji iliyojaa watu, kisha pori, kisha miji tena. Galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, nazo zimekaa hivyo: zimejipanga kwenye mistari mirefu kama miji kando ya barabara, na katikati kuna nafasi karibu tupu zenye upana wa mamilioni mengi ya miaka ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru ni kilomita trilioni 9.5 hivi.

Hata hivyo, wataalamu wengi wanashikilia kwamba ukitazama eneo pana vya kutosha, tofauti hizo zinafutika. Mwaka 2012, watafiti nchini Australia waliopima galaksi zaidi ya 200,000 walionyesha kwamba kuanzia upana wa miaka ya nuru milioni 350 na zaidi, kila eneo lina galaksi karibu idadi ileile. Si jambo dogo: hesabu zinazotupa umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, zimejengwa juu ya wazo hilo.

Ubishi umeletwa na Alexia Lopez, aliyefanya utafiti wake katika kilichokuwa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza. Mwaka 2021 alitangaza upinde wa galaksi wenye urefu wa miaka ya nuru bilioni 3.3. Januari 2024 akaongeza duara la bilioni 1.3, karibu upande uleule wa anga. Wapinzani wanajibu kwamba hata katika ulimwengu wa kuigiza ndani ya kompyuta, uliotapakaa sawasawa, maumbo kama hayo hujitokeza yenyewe. Hoja yao ina uzito. Jicho la mtu huona kuku hata kwenye mawingu.

Kinachohitajika ni kuhesabu galaksi nyingi zaidi, na Afrika imo. Sahani 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2018, zinaingizwa katika mtambo wa SKA utakaokuwa na sahani 197 huko. Zambia, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, ni nchi mshirika. Kongo haimo.

Lakini kutazama hakuhitaji ushirika. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijakolea, usiku wa manane usio na mbalamwezi (umeme ukikatika, afadhali zaidi), tazama kusini: mabaka mawili meupe kama moshi. Hizo ni galaksi mbili jirani zetu. Ile kubwa iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi.