Pikipiki kubwa kutoka Japan: bei ya mnada si bei ya Chumbi

Msimu wa ufuta unapofika, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi inapopita Chumbi hugeuka kituo cha mizigo. Pikipiki hutoka mashambani na gunia moja nyuma ya dereva, la pili juu yake, na mara nyingine mwenye mzigo kakaa juu ya hilo la pili. Nyingi ni za aina zilezile: Boxer, TVS, SanLG, Toyo, injini za cc 100 hadi 150. Kwenye mchanga na matope zinalia, klachi zinaungua, na fundi wa kijiweni hupata riziki ya uhakika kuliko mwenye shamba.

Ndiyo maana wazo la pikipiki yenye nguvu zaidi linawavutia wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Rufiji na Kibiti. Simu za mkononi zimeleta minada ya Japan mpaka kijiweni. Mtu anaona picha ya Honda au Yamaha ya cc 400, ina miaka 20 lakini inang'aa, na bei yake ikibadilishwa kwa shilingi haiachani sana na ya Boxer mpya ya dukani. Anajiuliza kwa nini anunue injini ndogo wakati kubwa inapatikana kwa fedha hizohizo.

Jibu la kwanza liko Japan kwenyewe. Sheria za huko ndizo zinazoishusha bei. Pikipiki inayozidi cc 250 hulazimika kupita ukaguzi wa serikali kila baada ya miaka miwili, baada ya ile mitatu ya mwanzo ikiwa mpya. Ukaguzi huo una gharama, na chombo kikizeeka mwenye nacho huona afadhali akiuze kuliko kukilipia tena. Isiyozidi cc 250 haina ukaguzi huo, hivyo hushikilia bei yake. Aidha, leseni ya kati ya pikipiki nchini humo inaishia cc 400, na viwanda vimetengeneza pikipiki nyingi sana za ukubwa huo kwa ajili ya soko la ndani. Mnunuzi wa Chumbi anayedhani amepata bahati, kwa kweli anapokea mzigo ambao Mjapani ameamua kuutua.

Mzigo huo ukifika bandari ya Dar es Salaam, hesabu inaanza upya. Ushuru wa forodha haukokotolewi kwa bei ya mnada, bali kwa thamani ya CIF, yaani bei ya chombo pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Chukua mfano wa pikipiki ambayo CIF yake ni Sh3,000,000. Kwa ushuru wa asilimia 25, ambacho ndicho kiwango cha bidhaa zilizokamilika kilichowekwa Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, mnunuzi analipa Sh750,000. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye milioni tatu tu, bali kwenye CIF ikijumlishwa na ushuru huo, yaani Sh3,750,000, nayo inakuwa Sh675,000. Tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya CIF, inaongeza Sh45,000. Hapo tayari zimetoka Sh1,470,000, karibu nusu ya thamani ya pikipiki, kabla ya wakala wa forodha na gharama za bandari. Viwango hivi hubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo mfano huu ni wa kujifunzia namna ya kupiga hesabu. Kiwango cha mwaka husika aulizwe wakala kabla fedha haijatumwa Japan.

Wapo wanaofikiri watapona kwa kuandikiwa ankara ya bei ndogo. Hii ni kujidanganya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa uwezo wa kuikataa thamani iliyoandikwa akiwa na shaka, na kutumia bei za bidhaa zinazofanana. Mwenye ankara ya uongo hulipa kodi ileile na kuongeza usumbufu wa maelezo.

Baada ya forodha ni usajili. Bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha kodi ya usajili wa pikipiki kutoka Sh45,000 hadi Sh95,000, na haikutofautisha injini. Mwenye pikipiki ya starehe ya cc 1000 yenye thamani ya Sh15 milioni alitakiwa kulipa sawa na mkulima wa pikipiki ya Sh2 milioni. Kwa wa kwanza hiyo haifiki hata asilimia moja ya mali yake. Kwa wa pili ni karibu asilimia tano. Magari hutozwa ushuru wa bidhaa kwa ngazi za cc, na ni vigumu kuona kwa nini usajili wa pikipiki usifuate busara hiyo. Kenya ilichora mstari wake kwenye cc 250: ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi ukubwa huo mwishoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa imeamua kwamba injini ndogo ni chombo cha kazi na kubwa ni cha anasa. Mtu anaweza kubishana na mstari wenyewe, lakini angalau upo.

Hata hivyo, fedha siyo inayowaangusha wengi. Wanaangushwa na karatasi. Ili TRA itoe kadi na namba, mnyororo wa nyaraka lazima uwe mzima: cheti cha Japan kinachoonyesha kwamba usajili wa huko umefutwa kwa ajili ya kusafirisha nje, hati ya meli, ankara, tamko la forodha, stakabadhi za kodi na TIN ya mwenye mali. Chombo kilichotumika kinakabiliwa pia na ukaguzi wa ubora wa TBS. Namba ya fremu kwenye nyaraka zote iwe ileile iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikikosewa, pikipiki inaweza kukaa ghalani kwa muda wa kutosha kuifuta faida yote.

Ujanja unaojulikana ni ule wa kuikata pikipiki vipande, injini kwenye kontena moja na fremu kwenye jingine, vikaingia kama vipuri. Fundi huunganisha na chombo kinatembea. Lakini forodha haina rekodi ya pikipiki. Ina rekodi ya vyuma. Hakuna tamko la kuegemeza usajili, na hilo haliponi kwa kulipa faini. Kwa wakazi wa ukanda wa delta kuna kishawishi kingine, cha chombo kilichovushwa kwa jahazi na kushushwa bandari bubu usiku. Hata kama kilikuwa na namba za Zanzibar zinazoanza na Z, anayetaka kukisajili Bara lazima akipitishe forodha. Kilichopita kichakani hakina mahali pa kuanzia.

Pikipiki isiyo na kadi inaweza kubeba gunia, lakini haina thamani ya mtaji. Haikatiwi bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kisheria. Haiwezi kuwekwa rehani kwa mkopo, kwa sababu mkopeshaji hushika kadi. Haiwezi kutolewa kwa mkataba, ule utaratibu ambao dereva hulipa hesabu ya wiki mpaka chombo kinakuwa chake, kwa kuwa mwishoni hakuna cha kumkabidhi. Ikiuzwa, inauzwa kwa bei ya chuma. Na usiku wa msimu wa korosho, mtu aliyepakia magunia kwenye pikipiki isiyo na namba atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba hafanyi kangomba.

Rufiji na Kibiti wanajua zaidi ya wilaya nyingi namna chombo hiki kinavyoweza kutazamwa kwa jicho la mashaka. Mwaka 2017, katika kipindi cha mauaji yaliyoitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Zuio hilo halipo tena, lakini somo lake la kiuchumi limebaki. Samaki wa delta na mboga husafiri alfajiri, mgonjwa hachagui saa, na dereva wa mkataba alitakiwa kutafuta hesabu yake kwa nusu ya siku. Chombo chenye kadi, namba inayosomeka na jina la mmiliki anayefahamika ndicho kinachokuwa rahisi kutetea pale mamlaka inapobana.

Leseni ya dereva nayo husahaulika. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, zisizozidi cc 125. Zaidi ya hapo linahitajika daraja A, na la magurudumu matatu ni A2. Boxer 150 ina injini ya karibu cc 145, kwa hiyo hata leo dereva mwenye A1 aliyeipanda yuko nje ya leseni yake bila kujua, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kuuliza maswali. Akihamia cc 400, hana pa kujificha. Akibeba gunia la jirani kwa nauli, hiyo tayari ni biashara ya usafirishaji, ambayo kwa pikipiki na bajaji iliwekewa kanuni mwaka 2010 chini ya SUMATRA na tangu 2019 iko chini ya LATRA. Abiria ni mmoja, kofia ngumu mbili. Injini kubwa haihalalishi mishikaki. Ni kweli kwamba bajeti ya 2021/22 ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa, lakini dereva anayesimamishwa mara tatu kwa wiki bado anafanya kazi kulipa faini.

Pikipiki ikishasajiliwa ndipo shamba lenyewe linaanza kuihukumu. Nyingi za zile cc 400 za mnada zilitengenezwa kwa lami. Zina silinda nne, maana yake plagi nne na kabureta nne, uzito wa karibu kilo 200, na matairi mapana yasiyo na meno. Boxer ina uzito wa karibu kilo 120. Ikinasa, watu wawili wanainyanyua. Kwa kilomita 100, ndogo hutumia takribani lita mbili za petroli, kubwa lita nne hadi tano. Vipuri vya Boxer vinapatikana Ikwiriri na Kibiti, na fundi anazijua kwa kuzisikia tu. Kipuri cha injini ya silinda nne kinatafutwa Dar es Salaam, na kikikosekana kinaagizwa huko ilikotoka, wakati ufuta unapukutika shambani.

Kama mtu ameshapiga hesabu na bado anataka nguvu zaidi, kundi la kuangalia ni la cc 175 hadi 250, silinda moja, zilizotengenezwa kwa njia mbovu. Yamaha AG200 ni mfano mzuri: injini ya cc 196, karia mbele na nyuma, stendi pande zote mbili. Iliundwa kwa ajili ya mashamba, si kwa maonyesho. Mabwana shamba wa Tanzania wamepanda pikipiki za namna hii, pamoja na Honda XL na Yamaha DT, tangu enzi ambazo bodaboda haijawa biashara, na sababu haikuwa mwendo kasi.

Kwa mwenye mizigo mingi, guta la injini linaweza kufaa kuliko pikipiki yoyote, ila siyo kila mahali. Kutoka barabarani hadi ghala la AMCOS litafanya kazi nzuri. Kwenye mashamba ya mlau, yanayolimwa maji ya mto yanapopungua, udongo wa mfinyanzi hulishika magurudumu matatu kwa pamoja, na hapo pikipiki yenye gunia moja hupita huku guta likisubiri trekta.

Mafuriko nayo yaingizwe kwenye hesabu. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi mengi ya Rufiji na Kibiti. Bima ya mtu wa tatu hailipi pikipiki iliyozama. Inamlipa yule uliyemdhuru. Anayeingiza Sh4.5 milioni kwenye chombo kimoja aulize bei ya bima kubwa kabla, na aulize wazi kama mafuriko yamo.

Limebaki suala la muda. Malipo ya ufuta na korosho kwa stakabadhi ghalani hayaji siku ya kupeleka mzigo; huja baada ya mnada, kupitia benki. Meli kutoka Japan huchukua wiki kadhaa, na sheria ya forodha inatoa siku 21 tangu mizigo kuanza kushushwa ili tamko liwe limewasilishwa. Mkulima aliyelipa bei ya mnada kwa fedha ya ufuta, akitegemea korosho ilipe kodi, anaweza kukuta pikipiki imeshafika wakati mnada wa korosho haujafunguliwa. Gharama za kuhifadhi bandarini zinahesabiwa kwa siku, na mzigo usiogombolewa huishia kwenye mnada wa forodha. Fedha ya kodi, wakala na usajili iwe tayari benki siku ile ile anapobonyeza kununua.