Kutembea bonde la Tana: Jua, maji na saa ya kuondoka

Watu wengi waishio mijini hushinda wameketi: asubuhi ndani ya matatu, mchana ofisini, jioni mbele ya runinga. Likizo ikifika, mtu huyohuyo hutaka kutembea kilomita 15 kwa siku moja ili kufidia mwaka mzima. Kutembea ni dawa nzuri. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mwendo wa haraka kwa miguu unatosha. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na katika nchi ya joto matembezi hayapimwi kwa kilomita pekee. Hupimwa kwa saa na kwa maji.

Wiki hii tutazame bonde la mto Tana, kuanzia mji wa Garissa hadi magofu ya Ungwana karibu na Kipini. Tana ndio mto mrefu zaidi nchini, takriban kilomita 1,000, na si lazima mtu autembee wote. Msafiri huenda kwa gari kutoka kituo hadi kituo, kisha hutembea mwendo mfupi katika kila kituo. Kila kituo kina uzuri wake, na kila kimoja huudai mwili kwa namna yake.

Funzo la Hagadera

Kabla ya kufika mtoni, yafaa kuitazama nyika iliyo nyuma yake. Hagadera iko takriban kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, katika nchi isiyo na mto unaotiririka mwaka mzima. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, watu wengi walifika Hagadera na kambi jirani za Dadaab baada ya kutembea siku nyingi, na baadhi yao, hasa watoto, walifia njiani. Mwili wa binadamu unaweza kwenda mbali hata ukiwa na njaa. Ukikosa maji huanguka mapema.

Hagadera si mahali pa matembezi ya starehe, na mgeni haingii kambini bila kibali. Hata hivyo, wafugaji wa nyika hiyo wana desturi ambazo daktari hawezi kuziboresha: huondoka alfajiri, hupumzika kivulini jua likiwa kali, na huvaa nguo pana zinazofunika mwili.

Garissa: jasho lisiloonekana

Mjini Garissa mto hupita kando ya mashamba ya ndizi na maembe, na kusini mwa mji iko hifadhi ya twiga ya Bour-Algi. Ni mahali pazuri pa kutembea saa moja au mbili. Mchana, joto hupita nyuzi 35 mara nyingi.

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Hewa ya Garissa ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka kabla hujaliona, nawe hudhani hupotezi kitu. Ukweli ni kwamba mtu mzima anayetembea juani anaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa. Kiu huja imechelewa, wakati upungufu umekwisha kuanza. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo, kama kikombe kimoja kila dakika 20. Tazama pia mkojo wako: ukiwa mchache na wa rangi nzito, umechelewa kunywa.

Usifikiri, hata hivyo, kwamba maji zaidi ni afya zaidi. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi katika damu, na jambo hilo linaweza kuleta kuchanganyikiwa na degedege. Kula chakula chenye chumvi kiasi, au beba pakiti za chumvichumvi zinazouzwa katika maduka ya dawa.

Ukingoni: saa za viboko

Tumesema saa njema ni za mapema. Anza saa 12 asubuhi, uwe kivulini ifikapo saa 4, na usirudi njiani kabla ya saa 10 alasiri. Lakini saa hizo za baridi ndizo viboko hutumia kutoka majini kwenda malishoni na kurudi. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi mtoni hushambulia. Mamba naye hungoja palepale watu wanapochota maji. Fuata njia iliyo mbali na ukingo, nenda na mwenyeji, na usishuke mtoni hata kwa kunawa mikono.

Maji ya Tana ni ya tope. Dawa ya kutibu maji hupoteza nguvu katika tope, kwa hivyo yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote kabisa. Mwaka 2022 kipindupindu kilizuka katika kaunti ya Garissa pamoja na kambi za Dadaab, basi jambo hili si la kupuuzwa.

Mdomo wa mto: jasho lisilokauka

Ukipita Garsen kuelekea Kipini, hewa hubadilika na kuwa nzito yenye unyevu. Hapa jasho huonekana: hutiririka usoni na kulowesha shati. Lakini kwa kuwa halikauki, halipozi. Aliyetembea vizuri Garissa anaweza kuzidiwa hapa ingawa kipimajoto kinaonyesha nyuzi chache zaidi. Punguza mwendo na upumzike mara kwa mara. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wageni wengi huja kwa siku tatu tu.

Katika mabwawa na mifereji yenye maji yanayokwenda polepole kuna konokono wanaoeneza kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Ukiwa umeingia majini, nenda upimwe baada ya wiki kadhaa, hata kama huoni damu katika mkojo. Dawa ya prazikwanteli hutibu. Malaria nayo huzidi baada ya mvua: lala ndani ya chandarua, na ukipata homa hata miezi kadhaa baada ya kurudi mjini, mweleze daktari ulikokuwa.

Katika magofu

Ungwana ulikuwa mji wa Waswahili uliozungukwa na ukuta, nao ulihamwa katika karne ya 17. James Kirkman, aliyechimbua pia magofu ya Gede, alifanya kazi hapo miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966. Zimebaki kuta za misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Shaka, mji mwingine wa kale wa sehemu hizo, hutajwa katika masimulizi ya Fumo Liyongo.

Mawe ya kale ni makao ya nyoka na nyuki. Vaa viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, usitie mkono tunduni, wala usipande ukuta: unaweza kuvunja mguu wako na historia kwa pamoja. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usinyonye sumu, wala usimfunge kamba kwa nguvu. Mtulize, funga mguu kwenye kijiti usitikisike, na umkimbize hospitalini.

Dalili za hatari

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo. Simama, ingia kivulini, kunywa. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzirai huku mwili ukiwaka, hilo ni pigo la joto, nalo linaweza kuua. Msiingoje gari. Mpozeni hapohapo: mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni. Huku hayo yakifanywa, mwingine atafute usafiri. Msimpe tembe za homa, wala msimnyweshe asiye na fahamu.

Kabla ya kuondoka

Wazee, wajawazito, na wenye maradhi ya moyo, figo au kisukari wamwone daktari kwanza. Wanaotumia tembe za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu pia wafanye hivyo, lakini wasiziache kwa hiari yao.

Ulizia hali ya barabara, kwani mafuriko ya 2023 na ya 2024 yaliikata njia ya Garissa. Ulizia pia usalama katika ofisi za serikali za mahali, kwa kuwa sehemu za Garissa, Tana River na Lamu zimewahi kushambuliwa. Na wiki mbili kabla ya safari, anza kutembea nusu saa kila siku mtaani kwako, ili safari isiwe siku ya kwanza ya mazoezi.