Usalama wa Vifaa Tiba Vilivyounganishwa na Mtandao: Mtazamo kutoka Hospitali za Mwanza

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1971, hupokea wagonjwa kutoka mikoa mbalimbali ya Kanda ya Ziwa. Mgonjwa wa Ukerewe huvuka ziwa kabla ya kuifikia, na akifika hana hospitali nyingine ya hadhi hiyo jijini Mwanza. Kwa mgonjwa wa namna hii, usalama wa vifaa tiba vilivyounganishwa na mtandao ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la siri.

Mashine ya CT, monita ya wodini, pampu ya dripu na mashine ya kupima damu zote zina kompyuta ndani yake. Tofauti yake na kompyuta ya ofisini ni umri na mamlaka. Mashine ya picha huweza kutumika kwa zaidi ya miaka 10, ilhali programu endeshi yake huacha kupokea masahihisho mapema zaidi. Aidha, fundi wa hospitali kwa kawaida haruhusiwi kuibadilisha bila idhini ya mtengenezaji, kwa kuwa kifaa kilithibitishwa kikiwa na programu ileile.

Madhara ya hali hiyo yalidhihirika tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani. Nchini Uingereza, maelfu ya miadi ya wagonjwa yaliahirishwa, na baadhi ya vifaa vya uchunguzi viliambukizwa au kutenganishwa na mtandao kwa tahadhari. Masahihisho ya kasoro iliyotumiwa yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo. Kilichokosekana ni kuyaweka.

Kutokana na hayo, hatua nne zinafaa. Kwanza, kuwe na orodha ya kila kifaa kilichounganishwa, kwani kisichojulikana hakilindwi. Pili, vifaa tiba vitengewe mtandao wake, mbali na kompyuta za mapokezi na simu za wageni. Hatua hii hulinda hata mashine kongwe isiyoweza kusahihishwa. Tatu, nywila za kiwandani zibadilishwe, na njia ya fundi wa mbali ifunguliwe wakati wa matengenezo tu. Nne, wauguzi wazoezwe kufanya kazi kwa karatasi mfumo unapozimwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kumtaka mwenye kuzishika azilinde. Hata hivyo, pampu iliyobadilishwa kipimo cha dawa inaweza kumdhuru mgonjwa bila taarifa yoyote kuvuja. Kwa hiyo ulinzi uanzie kwenye mkataba wa ununuzi au wa msaada: muda wa masahihisho uandikwe kabla mashine haijapokelewa. Mashine ikishafungwa ukutani, nguvu ya hospitali ya kudai sharti hilo huwa imepungua.