Pumzi inakata kabla ya mechi kuisha? Fanya hivi

Kama ulikuwepo Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Julai 25, 2021, lazima unakumbuka. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga. Mukoko Tonombe wa Yanga akala kadi nyekundu kipindi cha kwanza, timu ikabaki na watu 10. Wakahimili mpaka zikabaki kama dakika kumi tu, ndipo Taddeo Lwanga akaunganisha kona kwa kichwa. Simba 1, Yanga 0.

Watu 10 wanawezaje kuwahimili 11 muda wote huo? Si kwa kukimbilia kila mpira. Ni kwa kuchagua mbio zipi ukimbie na zipi uziache. Hilo linawahusu hata vijana wa ndondo pale Ujiji, Mwanga na Kibirizi.

Mwili unafanyaje kazi

Misuli ina akiba ya haraka inayotosha mbio kali za sekunde chache tu, na huhitaji kama dakika 2 hadi 3 kujaa tena vizuri. Akiba nyingine ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Huo ndio wa kukufikisha dakika ya 90. Ukipiga mbio kali tatu mfululizo, ya nne lazima iwe nzito.

Kwenye tenisi sheria inakupa nafuu: sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na sekunde 90 wachezaji wanapobadilishana upande. Kwenye soka hakuna wa kukupa. Pumziko unajitafutia mwenyewe mpira ukiendelea.

Uwanjani

1. Pumzikeni mkiwa na mpira. Pasi fupi fupi zinawapumzisha nyie na kumkimbiza mpinzani.

2. Tembea, lakini macho yafanye kazi. Mchezaji wa kulipwa hukamilisha kama kilomita 10 kwa mechi, nyingi akitembea au kukimbia taratibu. Messi anajulikana kwa kutembea sana, na alibeba Kombe la Dunia 2022 akiwa na miaka 35.

3. Kabeni pamoja. Mmoja akienda peke yake, anapigiwa pasi mbili na kachoka bure.

4. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto abaki. Pokezaneni.

5. Kwenye kona, shika mtu wako. Hapo hakuna mbio ndefu, ni umakini, na uchovu unakula umakini kama unavyokula miguu. Fainali ile iliamuliwa na kona moja.

Kabla ya mechi

Mechi ikiwa saa 10 jioni, kula saa 7 mchana. Ugali au wali na mgebuka wa kuchoma vinatosha. Mawese mengi yaache mpaka usiku, maana mafuta hukawia tumboni. Maji anza kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri mapumziko ndio umalize chupa nzima.

Halafu kuna usingizi. Kijana aliyekesha ziwani akivua dagaa kwa taa, asubuhi yupo mwaloni, jioni anavaa jezi, huyo anaanza mechi akiwa ameshachoka. Hakuna mbinu ya kufidia hilo. Kocha, muulize mapema amelala saa ngapi, umuweke benchi aingie kipindi cha pili.

Na nyie mnaopanga ratiba za mtaani: mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa taa hawaingii ziwani. Wekeni mechi kubwa siku hizo.

Mwisho, mchezaji akiona kizunguzungu juani, msimwite mvivu. Atoke, akae kivulini, anywe maji. Mechi nyingine itakuwepo wiki ijayo.