MSHAHARA HUPIMWA PAMOJA NA MASHARTI YAKE

Hapa Makongolosi mnunuzi wa dhahabu hadanganywi na mng'aro, huitia mizanini. Yawapasa vivyo hivyo vijana wetu watungao programu za kompyuta, waitwapo na makampuni ya nchi nyingine.

Mshahara wa Marekani wapita wa Dar es Salaam kwa mbali. Lakini sheria kuu ya huko haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Na mzazi, kwa sheria ya 1993, hupata majuma 12 bila ya mshahara, tena si katika kila kampuni. Kwetu Tanzania, sheria ya 2004 yampa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka, na mama aliyejifungua siku 84, zote kwa malipo. Kenya, sheria ya 2007 yatoa siku 21 za kazi, na miezi 3 kwa mama.

Naye akaaye kwao akawatumikia wageni kwa mkataba wa kazi maalumu, asihesabiwe mwajiriwa, mara nyingi hukosa haya yote.

Basi, kijana, usiulize kiasi cha fedha peke yake. Uliza: nikiugua, au nikijaaliwa mtoto, nitalipwa na nani? Jibu na liandikwe kabla hujatia saini.