W. S. Van Dyke

Woodbridge Strong Van Dyke II (21 Machi 1889 – 5 Februari 1943), anayejulikana zaidi kama W. S. Van Dyke au Woody Van Dyke, alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alianza kazi wakati wa filamu zisizo na sauti, kisha akawa mmoja wa waongozaji wakuu wa studio ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM). Filamu zake maarufu ni pamoja na Trader Horn (1931), Tarzan the Ape Man (1932), The Thin Man (1934) na San Francisco (1936). Katika historia ya Afrika Mashariki anakumbukwa kwa sababu mwaka 1929 alileta kundi kubwa la Hollywood kupiga filamu ya Trader Horn katika nchi za Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo.

Maisha ya awali

Van Dyke alizaliwa San Diego, California. Baba yake alikuwa jaji, na alifariki siku ileile mtoto alipozaliwa. Mama yake, Laura Winston, alirudi katika kazi yake ya zamani ya uigizaji ili kumlea, akazunguka naye katika miji ya magharibi ya Marekani. Kwa hiyo mtoto alipanda jukwaani akiwa bado mdogo sana. Alipofikisha miaka 14 alipelekwa Seattle kuishi na bibi yake. Huko alisoma shule ya biashara huku akifanya vibarua, vikiwemo kufagia majengo na kuhudumia wateja mezani. Baadaye alifanya kazi ya kukata magogo na kuchimba dhahabu.

Kuingia katika filamu

Mwaka 1916 alikuwa mmoja wa wasaidizi wa mwongozaji D. W. Griffith katika filamu kubwa ya Intolerance. Mwaka uliofuata aliongoza filamu yake ya kwanza, The Land of Long Shadows, kwa ajili ya studio ya Essanay. Kwa miaka kumi hivi alitengeneza filamu nyingi za bei nafuu, hasa za wachunga ng'ombe. Humo ndimo alimojifunza kumaliza kazi haraka na bila kuzidisha gharama. Alipewa jina la utani One Take Woody, yaani Woody anayepiga kila tukio mara moja tu na kuendelea na linalofuata.

Bahati yake ilibadilika kwa filamu ya White Shadows in the South Seas (1928), iliyopigwa katika kisiwa cha Tahiti. Robert Flaherty alikuwa ameanza kuiongoza, lakini aliacha kazi na Van Dyke akaimaliza. Ilikuwa filamu ya kwanza ya MGM kutolewa ikiwa na sauti iliyorekodiwa kufuata picha. Clyde De Vinna alipata Tuzo ya Akademi (Oscar) kwa upigaji picha wake. Tangu hapo studio ilimwona Van Dyke kama mtu wa kutumwa mbali.

Trader Horn na Afrika Mashariki

Kitabu cha Trader Horn kilitolewa mwaka 1927. Kilikuwa simulizi za Alfred Aloysius Horn, mfanyabiashara wa zamani wa pembe za ndovu, zilizoandikwa kwa msaada wa Ethelreda Lewis. Matukio ya kitabu yalitokea Gabon, katika Afrika ya Magharibi, lakini MGM iliamua kuyapigia picha upande wa mashariki, ambako simba, twiga na viboko walikuwa rahisi kupatikana mbele ya kamera. Hivyo mtazamaji wa filamu hii anaona hadithi ya Gabon katika mandhari ya Kenya na Uganda, na filamu yenyewe haioni tatizo lolote. Mwanzoni mwake inatoa shukrani kwa serikali za kikoloni za Tanganyika, Uganda, Kenya, Sudan na Kongo ya Kibelgiji.

Waigizaji wakuu walikuwa Harry Carey, Duncan Renaldo na Edwina Booth. De Vinna alikuja tena kama mpigapicha mkuu. Alikuwa pia mpenzi wa redio ya masafa mafupi, na kwa chombo hicho kundi lililokuwa porini liliweza kuwasiliana na Nairobi.

Safari ilikuwa imepangwa kwa filamu isiyo na sauti. Wakati huo huo Hollywood ilikuwa inahamia haraka kwenye filamu zenye sauti, kwa hiyo ikabidi vifaa vizito vya kurekodia viletwe kwa meli. Sehemu kubwa ya sauti iliyorekodiwa Afrika haikufaa, na mazungumzo mengi yalipigwa upya California. Baadhi ya matukio ya wanyama yalipigwa Mexico.

Picha zinazokumbukwa zaidi ni zile za Maporomoko ya Murchison, mahali ambapo Mto Nile unajibana katika ufa mwembamba wa mwamba kabla ya kufika Ziwa Albert. Maji hayo yana uhusiano na mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Mto Ngono hutoka upande wa Muleba na kuingia katika Mto Kagera; Kagera nao huingia Ziwa Viktoria kaskazini kwa Bukoba, na kutoka ziwani humo Nile huanza safari yake kupitia Jinja hadi Murchison. Mwaka 1951 mwongozaji mwingine Mmarekani, John Huston, alipiga sehemu ya The African Queen katika eneo hilohilo.

Gharama ya safari kwa watu ilikuwa kubwa. Wengi katika kundi waliugua malaria, Van Dyke mwenyewe akiwa mmoja wao. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba Waafrika wawili waliokuwa katika kazi hiyo walikufa, mmoja kwa mamba na mwingine kwa kifaru. Simulizi nyingi za filamu hii hutaja vifo hivyo kama kielelezo cha ujasiri wa safari, bila kutaja majina ya waliokufa. Edwina Booth aliugua kwa miaka mingi baada ya kurudi Marekani. Aliishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni 1, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Kazi yake ya filamu ilikoma mapema miaka ya 1930. Mara kadhaa ilivumishwa kwamba amekufa, lakini aliishi hadi mwaka 1991.

Mbeba bunduki wa Horn aliigizwa na Mutia Omoolu, Mwafrika aliyechaguliwa Afrika Mashariki. Yeye na mwenzake Riano Lindami walipelekwa Hollywood ili kumalizia matukio yao. Jina la Mutia liliandikwa katika orodha ya waigizaji, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Mwafrika katika filamu ya Marekani ya wakati huo. Uigizaji wake ni wa utulivu, na pengine ndio sehemu ya filamu iliyozeeka vizuri zaidi. Hadithi yenyewe imejengwa juu ya binti wa Kizungu anayeabudiwa na kabila la "washenzi", na leo ni vigumu kuitazama bila kukerwa.

Trader Horn mara nyingi huitwa filamu ya kwanza ya hadithi kupigwa barani Afrika. Si kweli: De Voortrekkers ilipigwa Afrika Kusini mwaka 1916, nayo iliongozwa na Mmarekani, Harold Shaw. Hata hivyo Trader Horn ilipata watazamaji wengi ikateuliwa kushindania Oscar ya filamu bora, ambayo ilichukuliwa na Cimarron.

Tarzan na filamu nyingine

Kwa kuwa picha nyingi za Afrika zilibaki bila kutumika, MGM ilizitia katika Tarzan the Ape Man, ambayo Van Dyke aliiongoza California akiwa na mwogeleaji wa Olimpiki Johnny Weissmuller. Tembo waliotumika studioni walikuwa wa Asia, wakavikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa Afrika. Kwa namna hii mandhari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1929 ilichanganywa na msitu wa kutengenezwa, na mchanganyiko huo ndio uliojulikana na mamilioni ya watu duniani kama "Afrika".

Kwa ajili ya Eskimo (1933) alikwenda Alaska, na waigizaji wakazungumza lugha yao wenyewe. The Thin Man, pamoja na William Powell na Myrna Loy, aliipiga kwa takribani wiki mbili tu. Filamu hiyo na San Francisco, inayohusu tetemeko la ardhi la mwaka 1906, zilimfanya ateuliwe mara mbili kwa Oscar ya mwongozaji bora. Hakushinda.

Miaka ya mwisho

Van Dyke alikuwa afisa wa akiba wa jeshi la Marine la Marekani, mwenye cheo cha meja. Filamu yake ya mwisho ilikuwa Journey for Margaret (1942), kuhusu watoto waliofiwa na wazazi katika vita nchini Uingereza. Wakati huo alikuwa anaugua saratani na moyo. Alikuwa muumini wa Christian Science, na alikataa sehemu kubwa ya matibabu. Alijiua nyumbani kwake Los Angeles tarehe 5 Februari 1943, akiwa na miaka 53, akaacha mke, Ruth Mannix, na watoto watatu. Jeanette MacDonald na Nelson Eddy, waliokuwa wameimba katika filamu zake za Naughty Marietta na Rose Marie, waliimba katika mazishi yake.